Wanahesabu hadi ishirini, lakini hawawezi kunipa vizibo vitano

"Nafundisha darasa la chekechea lenye watoto 28, wengi wao wa miaka minne na mitano. Mwaka huu shule imepata ubao wa kugusa na vishikwambi sita vyenye michezo ya hisabati. Watoto wanaipenda mno: wanaburuta picha, wanakusanya nyota, na karibu wote wanahesabu moja hadi ishirini bila kukwama. Juzi niliweka vizibo mezani nikamwambia mmoja wao, yule anayeongoza kwa nyota, anipe vitano. Akachota mkono mzima akanipa. Nikajaribu wengine, wengi wakafanya vilevile. Mwalimu mkuu anataka vifaa vitumike kila siku, wazazi wanafurahi, nami najiuliza: skrini zinawaharibu, au mimi ndiye ninayezitumia vibaya? Niziache? Na kuna mtoto mmoja ambaye hata vitatu vinamshinda. Nifanye nini naye?"

Mwalimu mwenzangu, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeacha kutazama nyota, ukamwomba mtoto akuonyeshe anachokijua. Nikikuelewa vizuri, kinachokusumbua ni kwamba watoto wanafaulu kwenye skrini na wanashindwa mezani, na hujui kasoro iko kwa kifaa, kwako, au kwa watoto wenyewe. Kwanza nikutoe hofu. Ulichokiona hakikuletwa na skrini. Kingekuwepo hata kama darasa lako lisingekuwa na umeme. Ila michezo mingi ya aina hiyo, kwa jinsi ilivyotengenezwa, inakificha, ndiyo maana kimekushtua.

Kutaja moja hadi ishirini ni jambo moja. Kujua tano ni nini ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1978 watafiti Rochel Gelman na Randy Gallistel walieleza kanuni ambazo mtu anayehesabu kweli anazifuata, hata kama hajawahi kuzisikia. Kila kitu kinapewa neno moja tu la hesabu, hakirukwi wala hakirudiwi. Maneno yanafuatana kwa mpangilio uleule kila mara. Neno la mwisho unalotamka ndilo idadi ya vitu vyote. Unaweza kuhesabu chochote, hata sauti au hatua. Na ukianzia kushoto, kulia au katikati, jibu ni lilelile. Mtoto anayetiririsha moja hadi ishirini amekuonyesha kanuni moja tu kati ya hizo, ile ya mpangilio. Hayo ni mafanikio na usiyabeze, lakini ni sawa na kukariri wimbo.

Ngumu ni ile ya neno la mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Karen Wynn aliwapima watoto wadogo karibu kama ulivyofanya wewe: aliwaomba wampe idadi fulani ya vitu. Akaona wanapanda ngazi kwa ngazi. Kwanza mtoto anaijua moja pekee. Ukimwomba viwili au sita anachota tu. Baada ya miezi kadhaa anaijua mbili, kisha tatu, na wengine nne. Halafu siku zinafika anang'amua jinsi kuhesabu kwenyewe kunavyofanya kazi, na kuanzia hapo anaweza kukupa tano, saba au tisa bila kufundishwa moja moja. Safari hiyo kwa kawaida inachukua mwaka na zaidi. Kwa hiyo mtoto wako aliyechota mkono mzima si mzembe, wala hakupuuza ulichosema. Amekujibu kwa uaminifu kwamba kwake yeye "tano" maana yake ni "vingi".

Hapo kuna mtego ambao hata walimu wazoefu huingia. Tunaweka vizibo mbele ya mtoto, anavihesabu, tunamwuliza "viko vingapi?" naye anajibu "vitano". Tunampongeza na kuendelea. Lakini watoto wengi hujifunza mapema kwamba baada ya kuhesabu, mwalimu akiuliza "vingapi", unarudia neno la mwisho na mwalimu anafurahi. Wanairudia tano bila kuwa nayo. Ndiyo maana "nipe vitano" ni kipimo kizuri kuliko "viko vingapi": kinamlazimisha mtoto aamue mwenyewe pa kusimama.

Sasa tuje kwenye kishikwambi. Kaa nyuma ya yule mtoto wa nyota, utazame vidole vyake badala ya picha. Mchezo unamwambia aweke samaki watano bwawani. Anaburuta wa kwanza, sauti inasema "moja". Anaburuta wa pili, "mbili". Akifika wa tano muziki unalia, samaki wanaruka, nyota inaingia. Nani alihesabu hapo? Kishikwambi. Nani alijua pa kusimama? Kishikwambi hichohicho. Kazi ya mtoto ilikuwa kuburuta mpaka muziki ulie, na hata akijaribu kuongeza samaki wa sita, mchezo unamkatalia. Abiria anaweza kupita barabara moja mara mia, na bado akapotea siku ya kwanza akipewa usukani. Ulipomwekea vizibo mezani, ndiyo mara ya kwanza ulimpa usukani.

Kwa hiyo kila mchezo mimi naupima kwa swali hilo moja: nani anahesabu? Mchezo unaofaa unanyamaza mtoto anapoburuta. Unamruhusu kupitiliza, aweke hata samaki tisa. Unangoja abonyeze mwenyewe kitufe cha kusema amemaliza. Akikosea, unampangia samaki wake mstari ili awahesabu upya, badala ya kulia king'ora na kumletea swali jingine. Michezo yenye saa inayokimbia iweke kando kwa umri huu, kwa sababu inafundisha kubahatisha. Vilevile angalia ile yenye majibu matatu ya kugusa: watoto hugundua haraka kwamba ukigusa yote, moja litakubaliwa, na nyota huja palepale. Ukikuta mchezo wako haufikii kiwango hiki, usiutupe kabla ya kujaribu dawa rahisi kuliko zote, nayo ni kuzima sauti. Ukizima sauti, kuhesabu kunarudi mdomoni mwa mtoto.

Kuna wanaosoma maelezo kama haya wakahitimisha kwamba vizibo ni vizuri na skrini ni mbaya. Sivyo. Vizibo navyo havifundishi vyenyewe. Mtoto anaweza kuvisukuma mezani kama magari asubuhi nzima asijifunze chochote kuhusu idadi, na vifaa vya kuhesabia vyenye sura ya wanasesere au wanyama wa kuvutia huwa vibaya zaidi, maana mtoto anaona mwanasesere, haoni moja. Picha ya nukta kwenye skrini inaweza kumfikirisha mtoto sawasawa na kizibo, mradi kuna kazi ya akili anayoifanya nayo na kuna mtu wa kuzungumza naye. Shida kubwa ni kwamba watoto wadogo hawahamishi maarifa kirahisi. Walichokifanya kwenye kioo hawaoni kwamba ndicho kilekile cha mezani, mpaka mtu awaunganishie. Hivyo siku ambayo watoto wamefanya nne kwenye kishikwambi, nne hiyohiyo iwe mezani kwa vijiti, iwe mikononi kwa makofi, na iwe vidoleni. Vidole usivikataze hata kidogo. Bado nakutana na walimu wanaowapiga marufuku watoto kuhesabia vidole kwa kudhani vinadumaza akili, na inanisikitisha, maana mtoto ananyang'anywa chombo ambacho hakiishi chaji wala hakisahauliki nyumbani.

Ubao wa kugusa, kwa maoni yangu, una thamani kubwa kuliko michezo iliyokuja nao. Fungua ukurasa mtupu. Chora nukta nne kubwa, mbili juu na mbili chini, uzifunike kwa kisanduku cheusi. Waambie watoto mikono mapajani, macho mbele. Ondoa kisanduku, sema "moja" kimoyomoyo, kirudishe. Kisha uliza, "Mmeona nini?" Usianze na "ngapi". Mmoja atasema nne. Mwingine atasema mbili na mbili. Wa tatu atachora umbo la mraba hewani kwa kidole. Pokea yote, halafu fungua kisanduku mtazame pamoja. Kesho yake ongeza nukta moja katikati, na utasikia mtoto akisema "zile nne na moja". Hapo tano imezaliwa kutoka nne, na mtoto ndiye aliyeizalisha.

Zoezi hilo linafanya kazi kwa sababu jicho la binadamu linatambua kitu kimoja, viwili na vitatu, mara nyingine vinne, kwa mtazamo mmoja bila kuhesabu. Kuzidi hapo lazima tuhesabu au tuone vikundi. Ukionyesha nukta kwa sekunde moja tu, huwapi nafasi ya kuhesabu, wanalazimika kuona vikundi, na kuona vikundi ndiko kunakozaa kujumlisha baadaye. Kadi za karatasi zinaweza kazi hii pia, lakini ubao unaifanya vizuri zaidi: unafunika na kufunua kwa kasi, unasogeza nukta mbele ya macho yao, unarudisha ulichokifuta. Ukizitawanya zile nne mpaka zijaze ubao, uliza kama zimeongezeka. Mwanasaikolojia Jean Piaget alionyesha zamani kwamba watoto wa umri huu hudhani safu iliyonyooshwa ina vitu vingi zaidi. Usiwasahihishe kwa maneno. Zikusanye tena, wahesabu, uzitawanye tena, waendelee kubishana. Mabishano hayo ndiyo somo lenyewe.

Tatizo la ubao ni lile unaloliona kila siku: mtoto mmoja anagusa, 27 wanangoja zamu. Dawa yake ni kuugeuza ubao uwe mahali pa kuhakiki. Kila mtoto awe na vizibo vyake kumi mbele yake. Ubao unaonyesha nukta, unafunikwa, kila mmoja anapanga alichokiona, anamwonyesha jirani, ndipo mtoto mmoja anakwenda kufunua. Wote wamefanya kazi, na anayegusa anagusa kwa niaba ya wenzake.

Vishikwambi sita kwa watoto 28 si vichache kama unavyodhani, kwa sababu sitaki kila mtoto awe na chake. Wape wawiliwawili. Mmoja anaburuta, mwingine anahesabu kwa sauti na kusema "simama". Kisha wanabadilishana. Mpangilio huo unawashughulisha watoto kumi na wawili kwa wakati mmoja, kundi jingine likiwa na vijiti na vizibo, nawe unapata kilicho adimu kuliko vyote katika darasa kubwa: dakika chache za kukaa na watoto wanne ukawasikiliza. Kusema kweli, hiyo ndiyo faida ya vishikwambi ninayoiamini zaidi.

Kamera yake pia inafaa kuliko michezo mingi. Watume wawili wakatafute vitatu darasani na kuvipiga picha. Watarudi na viti vitatu, viatu vitatu, madirisha matatu. Weka picha zote ubaoni uwaulize zinafanana nini. Kinasa sauti nacho kitakusaidia: mtoto anajirekodi akihesabu vijiti, nawe jioni unasikia ni nani anayeruka kumi na tano na ni nani anayehesabu kwa kasi kuliko mkono wake.

Ukitaka mchezo mmoja wa kuanza nao wiki ijayo, chora njia ya visanduku kumi vilivyonyooka, namba 1 hadi 10 kutoka kushoto kwenda kulia, ubaoni au sakafuni kwa chaki. Mtoto anazungusha mshale unaotoa moja au mbili, anasogeza kete yake akizitaja namba za visanduku anavyovipita. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler waliuchezesha mchezo wa namna hii kwa watoto wa shule ya awali, vipindi vinne vya robo saa hivi ndani ya wiki mbili. Watoto waliboreka katika kuhesabu, kutambua tarakimu na kulinganisha namba, na wiki tisa baadaye maendeleo yalikuwa bado yapo. Wenzao waliocheza mchezo uleule kwa rangi badala ya namba hawakuboreka hivyo. Zingatia jambo moja dogo: aliye kwenye 4 akipata mbili, aseme "tano, sita". Asiseme "moja, mbili". Akisema "tano, sita" anaunganisha namba na mahali pake. Akisema "moja, mbili" anahesabu hatua tu. Utalazimika kumkumbusha mara nyingi, na inafaa.

Kuna jambo la lugha ambalo watengenezaji wa programu hawalifikirii. Sauti ya mchezo husema "tatu", lakini wewe unasema vizibo vitatu, watoto watatu, madirisha matatu. Kisha ukifika sita, saba na tisa, neno halibadiliki. Mtoto anatakiwa kujua kwamba "vitatu" na "watatu" ni tatu ileile. Hilo halitatokea kishikwambini. Litatokea ukisema sentensi nzima, kila mara: "Vizibo vingapi? Vitatu. Moja, mbili, tatu. Vizibo vitatu." Na kama michezo yenu inaongea Kiingereza, hiyo ni sababu nyingine ya kuzima sauti. Kiswahili kinamfunulia mtoto siri ya kumi: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kiingereza kina majina ya pekee kwa kumi na moja na kumi na mbili, yasiyoonyesha kumi iliyomo ndani. Usimnyime mtoto msaada ambao lugha yake inampa bure.

Umeuliza kama uziache. Usiziache, zipunguze na uzielekeze. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inasema watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Saa hiyo ni ya siku nzima, pamoja na televisheni na simu ya mzazi nyumbani, kwa hiyo usiitumie yote wewe. Mimi ningeweka dakika kumi kwa kishikwambi, mara mbili au tatu kwa wiki, na dakika tano hadi nane za nukta ubaoni kila siku. Hilo la kila siku litamridhisha pia mwalimu mkuu, naye ana hoja: vifaa vimenunuliwa ili vitumike. Mwalike akae nyuma siku moja ya zoezi la nukta, kisha umwonyeshe mtoto mmoja akifanya "nipe vitano" mezani. Ataelewa haraka kuliko ukimwandikia taarifa. Wazazi nao, wanapokuuliza nyota, waambie wamwombe mtoto awaletee vijiko vinne.

Kabla ya yote hayo, jua kila mtoto yuko ngazi gani. Weka vizibo kumi na sahani, kaa na mtoto peke yake. "Weka viwili kwenye sahani." Akiweza, omba vitatu, kisha vinne, kisha vitano na sita. Akikosea, mwambie, "Tuhesabu tuone, je ni vinne?" na umpe nafasi ya kurekebisha, anayerekebisha mwenyewe yuko mbali kuliko anayekubali chochote. Dakika mbili au tatu zinatosha kwa mtoto, na ukiwachukua wanne kwa siku, siku saba za shule zinakumalizia darasa zima. Kisha mpe kila mmoja kazi ya ngazi inayofuata. Anayeijua mbili afanye kazi ya tatu. Kumwekea samaki kumi na wawili ni kumpotezea muda.

Na huyo anayeshindwa na vitatu. Kama ana miaka minne, huenda yuko kwenye ngazi ya mbili tu na hakuna tatizo lolote. Mpe wiki kadhaa za mbili na tatu kwa mkono, mkiwa wawili au na mwenzake mmoja mtulivu, skrini ikiwa imezimwa. Hakikisha pia kwamba hajui kweli, maana wapo watoto wanaojua ila hawathubutu kusema mbele ya wenzao. Mwombe akuonyeshe kwa vidole au aweke vitu bila kutamka neno.

Kama amekwisha kutimiza mitano, umefanya naye hivyo kwa miezi na bado viwili na vitatu kwake ni kitu kimoja, zungumza na wazazi na uombe aonwe ana kwa ana. Anza na macho na masikio kabla ya kufikiria akili. Je, anasogeza kishikwambi puani, anakunja uso akitazama ubao, haitiki ukimwita kutoka nyuma, anatazama wenzake kwanza ndipo afuate agizo? Hayo yapelekwe kwa mhudumu wa afya. Kama pia anapata shida kuelewa sentensi za kawaida au kujieleza kama wenzake wa umri wake, tafuta mtaalamu wa lugha na matamshi au mwalimu wa elimu maalumu aliye karibu. Neno lolote la ugonjwa wa hesabu usiliseme wewe wala usikubali mtu alibandike kwa mtoto wa chekechea. Umri huo ni mdogo mno kwa uamuzi wa namna hiyo. Lakini mtoto aliyekuwa akihesabu, akiongea au akicheza vizuri, kisha akaanza kupoteza alichokuwa nacho, huyo usimsubirishe hata wiki. Ongea na wazazi siku hiyohiyo aende akaonwe na daktari.